Titi, Kisu na Neno "Maambukizi"

Mwanamke wa Voi anayewekewa kipandikizi cha titi Nairobi au Mombasa, iwe kwa urembo au baada ya kukatwa titi lenye saratani, huonywa ajihadhari na maambukizi. Neno hilo ni sahihi, ila humpotosha msikiaji. Katika mazoea yetu, mtu huambukizwa na mwenziwe. Basi mgonjwa atawaepuka wageni na kujiona salama. Kumbe mara nyingi bakteria hutoka katika ngozi yake mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikataza kunyoa kwa wembe mahali pa kupasuliwa: michubuko huwapa makao. Wakifika kwenye silikoni hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida, na pengine kipandikizi hakina budi kutolewa.

Vitabu husema "wekundu" ndio dalili. Wekundu gani huo kwenye ngozi nyeusi? Afadhali tuseme joto, uvimbe, usaha, homa, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Aliye Kasighau au Wundanyi akiyaona hayo asingojee tarehe ya kliniki ya Nairobi. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko papo hapo Voi.