Waya wa Ubongoni na Mgonjwa wa Kifafa Ambaye Dawa Hazimtoshi

Labda nyumbani mwako yuko mtoto mwenye kifafa. Umempa dawa, na bado anaanguka. Umechoka, na jirani wanasema maneno. Habari hii ni kwa ajili yako.

Baba mmoja wa milima ya Masisi alikuja kwetu na binti yake wa miaka tisa. Katika simu yake alinionyesha picha ya mtu wa Ulaya aliyetiwa waya ndani ya ubongo ili kifafa kimpunguzie taabu. Akaniambia, “Muganga, dawa zimeshindwa. Nina ng’ombe wawili na shamba. Nikiviuza vyote, binti yangu anaweza kupata waya huu?” Nilimwomba aketi, kwa maana swali lake halikuwa la upumbavu. Waya huo ni kweli. Lakini kabla mtu hajauza ng’ombe wake, yafaa ajue kwanza kama dawa zimeshindwa kweli.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Ni kama soko: kila mtu akisema na mwenzake, kazi inaendelea. Lakini wote wakianza kupiga kelele moja kwa wakati mmoja, hakuna auzaye wala anunuaye. Ndivyo kifafa kilivyo. Umeme wa ubongo unatoka wote pamoja bila utaratibu, na mtu anaanguka, au anatazama tu kama hayupo. Mate yake hayaambukizi mtu. Akianguka karibu na moto, mwondoe upesi, umlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani.

Sasa huo waya. Mwaka wa 1987, huko Grenoble katika nchi ya Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid aliona ya kuwa umeme mdogo ukipelekwa mbio-mbio mahali pamoja ndani ya ubongo unatuliza mikono inayotetemeka. Baadaye waganga wakajaribu njia hiyo kwa kifafa. Wanatoboa mfupa wa kichwa mahali pawili, na kuingiza nyaya mbili nyembamba mpaka ndani kabisa, mahali paitwapo thalamusi. Habari nyingi za ubongo hupita hapo, kama vile watu wa Masisi, wa Kitshanga na wa Minova wapitavyo wote katika njia panda ya Sake. Kutoka kichwani nyaya hushuka chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Mara nyingi betri hutuma umeme dakika moja, hupumzika dakika tano, na kuanza tena, mchana na usiku.

Je, mgonjwa anapona? Mwaka wa 2010 waganga wa Marekani waliandika habari za watu wazima 110 waliotiwa nyaya hizo, watu ambao dawa nyingi zilikuwa zimewashinda. Baada ya miaka miwili, mgonjwa wa katikati yao alikuwa amepunguziwa kuanguka kwa 56 katika 100. Maana yake, aliyekuwa akianguka mara kumi kwa mwezi, sasa anaanguka kama mara nne. Watu 14 tu walipata kukaa miezi sita au zaidi bila kuanguka hata mara moja. Na waya haukuchukua nafasi ya dawa. Wengine walipata usaha mahali pa betri, wengine huzuni nzito, wengine walilalamika ya kuwa wanasahau. Serikali ya Marekani iliukubali waya huo mwaka wa 2018, kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo binti wa miaka tisa hakuwa katika hesabu hiyo.

Tena betri huisha. Ikiisha, mgonjwa anapasuliwa tena ili awekewe nyingine. Na nguvu ya umeme hupimwa na kurekebishwa na daktari mwenye chombo chake. Nani atafanya kazi hiyo Pinga au Nyabiondo? Hakuna hospitali ya Masisi wala ya Walikale iwezayo kuweka waya huo. Upasuaji mwingine wa kifafa uko karibu zaidi: huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, waganga walikwisha kuwakata wagonjwa fulani ile sehemu ya ubongo inayoanzisha kifafa. Lakini huko pia huanza kwa kuuliza swali lile lile: dawa zimeshindwa kweli?

Waganga wa kifafa walikubaliana mwaka wa 2010 jinsi ya kulijibu. Husema dawa zimeshindwa wakati mgonjwa amejaribu dawa mbili zinazofaa kwa kifafa chake, kila moja kwa kipimo cha kutosha na bila kukatizwa, na bado anaanguka. Kwa nini mbili? Huko Glasgow, katika nchi ya Scotland, walifuata wagonjwa 470 ambao hawajapata kutibiwa. Habari yao ilitoka mwaka wa 2000. Katika kila 100, 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, na 13 kwa dawa ya pili. Kwa dawa ya tatu, au kwa dawa mbili pamoja, walitulia 4 tu.

Nikamwuliza baba, “Binti amemeza dawa gani?” Gardénal peke yake. “Tangu lini?” Tangu alipokuwa na miaka mitatu. “Kipimo kimebadilishwa?” Hapana. Tukampima: kilo 24. Nikatazama kaye yake ya zamani: alipoanza alikuwa na kilo 12. Mtoto amekua mara mbili, na kidonge kimebaki kile kile! Jambo hili naliona mara nyingi kuliko mengine yote, nalo hunihuzunisha, maana mizani tunayo.

Wengine huhukumu dawa mapema. Gardénal huhitaji wiki mbili au tatu kabla nguvu yake haijajaa katika damu. Ukimpa mtoto siku tano kisha ukasema “haifanyi kitu,” hujaijaribu. Lakini usiongeze kipimo wewe mwenyewe, kwa maana ikizidi humlaza mtu hata kupumua kwake kukawa hafifu.

Na vita? Baba alinieleza ya kuwa walipokimbia kuelekea misitu ya Walikale, walikaa wiki tatu bila dawa. Kabla ya hapo walikuwa wakikata kidonge vipande viwili ili kisiishe. Simlaumu. Mwaka wa 2025, vita vilipofika Masisi, kisha Goma, kisha Walikale, wengi waliokoa sufuria na godoro, na dawa ikabaki ukutani. Lakini Gardénal ikikatwa ghafula, kifafa hurudi kwa ukali, mara nyingine kuanguka juu ya kuanguka bila kuamka katikati, na mtu anaweza kufa. Kuanguka kukipita dakika tano, mpeleke kwa muganga. Kwa hiyo funga dawa katika plastiki pamoja na karatasi yenye jina lake na kipimo. Igawanye mahali pawili: sehemu kwa mama, sehemu kwa kaka mkubwa. Nenda kutafuta nyingine ikibaki ya wiki mbili, si ya siku mbili.

Wako pia wanaoanguka kwa sababu ya mambo mabaya waliyoyaona. Hawadanganyi, lakini kuanguka kwao si kifafa, na Gardénal haiwasaidii, wala waya. Hao wahitaji mtu wa kuzungumza nao kwa subira. Goma, nyumba ya Tulizo Letu imetibu wa namna zote mbili kwa miaka mingi.

Wengine waliambiwa na watu wa maombi watupe vidonge. Mimi naomba pamoja na wagonjwa wangu kila asubuhi. Habari ya yule kijana katika Marko sura ya 9 nimeifundisha mara nyingi, wala sikuona ndani yake neno la kukataza dawa.

Yule binti tulimwongezea kipimo polepole. Nilimpa baba kaye mpya aandike kila kuanguka: siku, saa, na jinsi kulivyoanza. Baada ya miezi mitatu alirudi nayo. Mwezi wa kwanza mara tisa, wa pili mara nne, wa tatu mara mbili. Akaniuliza tena habari za waya. Nikamwambia bado tuna dawa ya pili ambayo hatujaijaribu, Tégrétol, nayo tumekwisha kuiagiza. Sasa tunangoja barabara ifunguliwe.