Kula vya Kutosha Unapopunguza Mwili: Utangulizi wa Elimu ya Nishati ya Chakula

Ukizunguka sokoni Soweto, Mbeya, huhitaji kuambiwa kwamba Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi. Kuna viazi mviringo vya Uporoto, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na Mbarali, maharage, maparachichi ya Rungwe. Mtaa huohuo una watu ambao daktari amewataka wapunguze uzito kwa sababu ya presha, sukari au magoti, na wengi wao huanza kwa kuacha kula. Asubuhi chai ya rangi, mchana tunda, usiku maji ya moto yenye limao. Baada ya wiki chache wamechoka, wana hasira, na majirani wanauliza kama wanaumwa, maana kwetu kukonda ghafla huwatia watu wasiwasi. Wanarudi kula kama zamani, na uzito unarudi pamoja na chakula.

Elimu ninayokukaribisha kuisoma inaeleza kwa nini mambo huenda hivyo, na inasema wazi neno ambalo wanafunzi wengi hulikataa mwanzoni: anayetaka kupungua hana budi kula, tena ale vya kutosha.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater aliwaweka watu ndani ya chumba kilichofungwa, akapima joto la miili yao na hewa waliyovuta na kutoa. Kazi yake na ya wenzake ndiyo iliyotupa hesabu tunazotumia hadi leo: gramu ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, gramu ya mafuta hutoa 9. Kilokalori ndiyo ile ambayo mtaani huitwa kalori. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haiendi shambani wala kazini. Moyo, ini, figo na ubongo huitumia usiku na mchana, hata ukiwa umelala.

Chukua mama lishe wa miaka 35, mwenye kilo 70 na urefu wa sentimita 160. Kwa kanuni za kawaida za makadirio, mwili wake ukiwa umepumzika tu unahitaji kilokalori 1,360 hivi kwa siku. Ongeza kusimama jikoni, kubeba ndoo na kupanda daladala, na utafika 2,100 hivi. Akila 1,600 atapungua taratibu na kazi zake zitaendelea. Akila 800, pengo linakuwa kubwa mno, na mwili hauliji­bu kwa kuyeyusha mafuta peke yake. Unachukua misuli pia, hasa kama protini ni chache na mtu hafanyi kazi ya nguvu. Hedhi inaweza kuvurugika. Kupungua kwa kasi huongeza pia hatari ya mawe kwenye nyongo.

Kazi ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuisoma kwanza ni ya Ancel Keys. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao walijitolea kupimwa. Kwa wiki 24 walipewa chakula cha kilokalori 1,600 hivi kwa siku, nusu ya walichokula awali, huku wakitembea masafa marefu kila wiki. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, baridi iliwatesa hata wakati wa joto, na fikra zao zote zikahamia kwenye chakula: walisoma vitabu vya mapishi, waliota milo. Walikuwa watu wenye nia imara, na bado njaa iliwabadilisha tabia. Ndiyo maana sikubali kabisa kumwita mvivu mtu aliyeshindwa kuendelea kujinyima.

Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walionyesha upande wa pili wa kujinyima, ule wa matumizi ya nishati. Waliwapima watu 14 waliokuwa wamepunguza uzito mwingi kwa haraka kwenye shindano la televisheni la Marekani. Miaka sita baadaye, miili yao ikiwa imepumzika ilitumia karibu kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Tanzania nayo imeipa elimu hii mojawapo ya matokeo yake ya kushangaza. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hao walinywa maji yenye atomi maalumu ambazo baadaye hufuatiliwa kwenye mkojo, njia inayoonyesha nishati ambayo mtu ametumia katika maisha yake ya kawaida. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia haikuzidi ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu zake. Funzo kwa anayepunguza mwili ni kwamba asitegemee mazoezi peke yake kufuta chakula. Ayafanye kwa ajili ya moyo na misuli.

Wapo wanaoshushwa hadi kilokalori 850 hivi kwa siku na wakafaidika: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopewa mpango huo waliondokana na hali ya kisukari katika mwaka mmoja. Lakini walipewa chakula maalumu chenye virutubishi kamili na kufuatiliwa kitabibu. Chai na limao haviwezi kufanya kazi hiyo.

Wingi wa chakula nao si jibu. Iringa ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi mengi, na bado utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini sahani iliyojaa ugali na mboga kidogo inaweza kushibisha tumbo huku mwili ukikosa protini, madini na vitamini. Mtu mzima anayepunguza chakula bila mpango hujiingiza katika upungufu huohuo, tena haraka zaidi, maana kila anachokiacha huondoka na virutubishi vyake.

Kwa hesabu zetu tutatumia jedwali la vyakula vya Tanzania lililochapishwa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Zoezi la kwanza ni la jikoni kwako. Kabla ya kusonga, pima unga: gramu 100 za sembe ni kilokalori 360 hivi. Kisha pima mafuta unayotia kwenye mboga. Kijiko kimoja cha chakula ni kilokalori 120, kwa hiyo vijiko vitatu vinalingana na unga wote ule. Andika vyote kwa wiki nzima, pamoja na maandazi na soda, bila kubadilisha chochote. Utakapojua unakula kiasi gani, punguza mafuta na sukari kwanza, na uyaache maharage na dagaa yabaki kwenye sahani.