Je, imani ya Kikristo ni ahadi ya furaha isiyokoma?

Na Mwandishi Wetu

WAUMINI wanapokutana mlangoni mwa kanisa Jumapili asubuhi, mmoja husema "Bwana Yesu asifiwe" na mwenzake huitikia "Amina". Akiulizwa habari za wiki nzima, jibu lake huwa fupi: Mungu ni mwema. Ni nadra kumsikia mtu akisema mlangoni hapo kwamba usingizi umemtoroka, kwamba ndoa yake inayumba au kwamba hata kusali kumemshinda.

Salamu za kawaida za Kiswahili huacha mwanya kwa mwenye shida. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu "nzuri", kisha huongeza neno "ila", na hapo ndipo habari yenyewe huanza: ila mtoto anaumwa, ila mzee amepunguzwa kazini. Katika makanisa mengi ya mijini, "ila" hiyo imekosa pa kukaa. Anayeitamka huhofia kuambiwa kwamba imani yake ni haba.

Ndiyo maana swali hili linastahili kutafakariwa kwa makini: je, Mkristo anapaswa kuwa na furaha siku zote? Na akihuzunika kwa muda mrefu, je, hiyo ni dalili kwamba ameanguka kiroho?

Chimbuko la matarajio

Sehemu ya matarajio hayo inatokana na mafundisho yanayojulikana kama injili ya mafanikio. Mafundisho hayo yalikuzwa nchini Marekani katika karne ya 20 na wahubiri kama Kenneth Hagin, aliyefariki dunia mwaka 2003. Yanasisitiza kwamba afya, mali na ushindi ni haki ya kila mwamini mwenye imani ya kutosha. Yalienea barani Afrika kupitia vitabu, kanda, redio na mikutano ya hadhara.

Si vigumu kuelewa kwa nini yalipokewa kwa mikono miwili. Mkazi wa jiji anayedaiwa kodi ya nyumba, asiye na bima ya afya na ambaye mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, anahitaji kusikia kwamba kesho itakuwa afadhali. Mhubiri anayemwambia kwamba Mungu anajali mwili wake pamoja na roho yake hajapotoka. Tatizo huanza pale ahadi inapogeuzwa kuwa kipimo, yaani anayefurahi ana imani na anayelia hana.

Kiu ya nafuu ya haraka ni kubwa. Februari 1, 2020, watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi, mkoani Kilimanjaro, baada ya kukanyagana katika mkutano wa maombi walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ni ya upako. Mtu hakimbilii mafuta kiasi hicho pasipo kuwa na mzigo unaomwelemea.

Wanateolojia wa Kiafrika wamelizungumzia suala hili. Katika vikao vilivyofanyika Akropong, nchini Ghana, mwaka 2008 na 2009, wanateolojia wa Vuguvugu la Lausanne walitoa tamko kuhusu injili ya mafanikio. Walikiri uwezo wa Mungu wa kuponya na kubariki, lakini wakakataa dhana kwamba hali ya kiroho ya mtu inaweza kupimwa kwa mali aliyonayo, au kwamba umaskini na maradhi daima ni alama ya laana.

Biblia inaonyesha nini?

Msomaji anayefungua Biblia akitarajia kukuta watu wenye tabasamu muda wote atashangaa. Kati ya Zaburi 150, wanazuoni wa Agano la Kale wanakadiria kuwa takriban theluthi moja ni za maombolezo. Nyingi huishia kwa sifa, lakini si zote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila neno la faraja mwishoni. Waliokusanya zaburi hizo hawakuiondoa.

Nabii Eliya naye, mara baada ya ushindi wake mkubwa katika Mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Kisa hicho kimo katika 1 Wafalme sura ya 19. Jambo la kuzingatia ni namna alivyohudumiwa. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo kuhusu kazi yake yalifuata baadaye.

Katika Agano Jipya, Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro ilhali alijua anakwenda kumfufua. Katika bustani ya Gethsemane alisema wazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi. Mtume Paulo, ambaye katika waraka kwa Wafilipi anawahimiza waumini wafurahi siku zote, aliuandika waraka huo akiwa kifungoni. Ni Paulo huyo huyo aliyewaeleza Wakorintho kwamba dhiki ilimlemea kupita kiasi, hata akakata tamaa ya kuishi.

Waliopita gizani

Historia ya Kanisa nayo inatoa ushahidi. Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti aliyekuwa maarufu sana jijini London katika karne ya 19, alikuwa na umri wa miaka 22 wakati watu saba walipofariki dunia kwa kukanyagana katika ibada yake, Oktoba 19, 1856, baada ya mtu kupiga kelele kwamba kuna moto. Tukio hilo lilimjeruhi moyoni, na huzuni nzito ilimrudia mara kwa mara hadi mwisho wa maisha yake. Hakuificha. Aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji kwamba watumishi wa Mungu nao hupatwa na hali hiyo.

Mfano mwingine ni Mama Teresa wa Calcutta, ambaye watawa wa shirika lake walifungua nyumba mjini Tabora mwaka 1968. Dunia ilimfahamu kwa uso wa tabasamu. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 hakuhisi uwepo wa Mungu, ila ukavu na giza. Wapo waliodai kwamba barua hizo zilithibitisha kuwa hakuwa na imani. Kanisa Katoliki liliziona kuwa ushahidi wa uaminifu wake, na Septemba 4, 2016 Papa Francis alimtangaza kuwa mtakatifu.

Afrika Mashariki ina urithi wake. Uamsho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa nyimbo za shangwe. Hata hivyo, shangwe hiyo ilitanguliwa na watu kusimama mbele ya wenzao na kueleza dhambi na udhaifu wao, mara nyingi kwa machozi. Ushuhuda wakati huo ulikuwa na nafasi ya kushindwa. Siku hizi ushuhuda unaosubiriwa zaidi ni wa gari, visa au kiwanja.

Furaha ipi, basi?

Haina maana kwamba Ukristo ni dini ya huzuni. Furaha imetajwa katika Wagalatia sura ya 5 miongoni mwa matunda ya Roho. Lakini tunda huiva kwa majira yake, na mti usio na tunda mwezi huu si lazima uwe umekufa.

Kiswahili kinatusaidia kutofautisha mambo mawili. Raha ni hali ya kustarehe, nayo huja na kuondoka kutegemea mazingira. Heri ni hali ya kuwa mikononi mwa Mungu. Katika mahubiri yake ya mlimani, Yesu aliwaita wenye huzuni kuwa ni watu wenye heri, na sababu aliyoitoa ni kwamba watafarijiwa. Aliahidi faraja; hakuahidi kwamba machozi hayatakuwapo. Kalenda ya Kanisa inafuata mantiki hiyo: Kwaresima ina siku 40, Pasaka ina siku 50, na hakuna afikaye Pasaka bila kupitia Ijumaa Kuu.

Ugonjwa si ukosefu wa imani

Kutofautisha mambo haya ni suala la uhai. Huzuni isiyoisha kwa majuma kadhaa, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula na kuona maisha hayana maana vinaweza kuwa dalili za sonona, ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Mgonjwa anayeambiwa kwamba tatizo lake ni imani haba hubeba mizigo miwili, wa ugonjwa na wa aibu, na anaweza kuacha dawa ili aonekane ameamini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mchungaji anayemwombea mwumini na kisha kumsindikiza hospitalini hajapunguza nguvu ya maombi. Amefanya alichofanyiwa Eliya: mwili ulihudumiwa kwanza.

Makanisa yanaweza kuanza na hatua ndogo. Zaburi za maombolezo zisomwe ibadani, si msibani pekee. Ushuhuda wa anayeendelea kusubiri usikilizwe sawa na wa aliyejibiwa. Jumuiya ndogondogo na vikundi vya nyumbani viwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "nzuri, ila", na wenzake wakanyamaza wamsikilize kabla ya kumtafutia mstari wa kumjibu.

Imani ya Kikristo, kwa ushahidi wa maandiko na wa waliotangulia, haimwahidi mtu moyo mweupe kila asubuhi. Inamwahidi kwamba hatakuwa peke yake asubuhi ile ambayo moyo umekuwa mzito. Wajibu wa kuifanya ahadi hiyo ionekane ni wa wale wanaoketi naye benchi moja.