Nchi Inapojitoa katika Umoja (2): Mpaka Ulipofungwa, Ngorongoro Ikakosa Wageni

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi Mkataba wa Kampala wa 1967 ulivyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika reli, bandari, posta na shirika moja la ndege, makao makuu yakiwa Arusha. Leo tutazame jinsi Jumuiya hiyo ya Afrika Mashariki ilivyokufa, na pigo lililoifikia Ngorongoro.

Hakuna nchi iliyoandika barua ya kujitoa. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu kikakoma. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika kwa madeni na ugomvi, Kenya ikaanzisha la kwake. Februari 4 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Juni ikaisha bila bajeti ya Jumuiya kupitishwa, na mambo yakaishia hapo.

Enzi hizo mtalii wa Ngorongoro kwa kawaida alitua Nairobi. Alipanda gari la kampuni ya huko, akapita Maasai Mara, akavuka lango la Bologonja na kukatiza Serengeti hadi kreta. Tanzania iliambulia kiingilio na malazi ya siku chache. Nauli ya ndege, kodi ya gari na ujira wa dereva vilibaki Kenya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hapa aliyepona zaidi alikuwa jirani. Serikali ilitumaini kwamba mpaka ukifungwa, wageni watatua Kilimanjaro, uwanja uliofunguliwa 1971.

Haikuwa hivyo. Mashirika ya ndege ya nje hayakuhama Nairobi, na watalii wengi wakaishia Kenya. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 huku mpaka ukiwa bado umefungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, na Mei 1984 mali na madeni ya Jumuiya yakagawanywa kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Bologonja haikurudi kuwa njia ya watalii.

Leo safari huanzia Arusha. Gari hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, likapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Rhotia na Karatu. Hapo dereva hujaza mafuta na mpishi hununua mboga kabla ya kufika lango la Lodoare. Wapo wasemao kwamba Karatu imenufaika na kufungwa kwa mpaka. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Makubaliano ya Kenya na Tanzania ya 1985 yalizuia magari ya watalii ya Kenya kuingia hifadhi za Tanzania, mpaka ukiwa wazi. Lengo lilelile lilipatikana mezani, bila karibu miaka saba ya ukame wa wageni.

Somo la Jumuiya kuvunjika bila notisi halikupotea. Mkataba mpya wa Jumuiya wa 1999, katika ibara ya 145, unamtaka anayejitoa apate theluthi mbili ya wabunge wake, kisha atoe notisi ya miezi 12, na wajibu wake haukomi ndani ya muda huo. Kwa mwenye hoteli Karatu, mwaka mmoja wa kujipanga ni mtaji.

Wiki ijayo: Tanzania ilivyoiaga COMESA mwaka 2000, kwa notisi.

Itaendelea.