Nyumba za Mukuru na Viwanja vya Dandora

Mgeni ashukaye garini katika mtaa wa Dandora, mashariki ya jiji la Nairobi, huona maghorofa yaliyobanana, nguo zimeanikwa kila kibaraza, na mbele ya malango akina mama wametandaza sukuma wiki au wanakaanga viazi. Ni vigumu kwake kuamini kwamba katika sehemu kubwa ya mtaa huo Serikali haikujenga nyumba. Ilijenga vyoo.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipimwa viwanja vipatavyo 6,000, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita za mraba 100 hadi 160. Serikali ilichonga barabara, ikaleta mabomba ya maji safi na ya maji machafu, kisha ikasimamisha choo na bafu katika kila kiwanja. Wachache tu waliongezewa jiko au chumba. Kuta na paa vilikuwa juu ya mwananchi mwenyewe, akisaidiwa kwa mkopo mdogo wa vifaa. Waliolengwa ni watu wa kipato cha shilingi 280 hadi 650 kwa mwezi: matarishi, wafagiaji, utingo na wachuuzi.

Shida ilikuwa hapo penye kuta. Mtu aliyezoea kutafuta kodi ya chumba kimoja atapata wapi fedha za mawe, saruji na fundi? Baadhi walijiunga katika vikundi, wakachanga kila mwezi na kujenga zamu kwa zamu, kwa mtindo ule ule wa upatu ambao akina mama wameutumia tangu zamani kununulia vyombo na vitenge. Lakini tegemeo kubwa zaidi lilikuwa mpangaji. Mwenye kiwanja aliinua vyumba viwili, akalala kimoja na watoto wake wote, akakodisha cha pili, na kwa kodi hiyo akaanza cha tatu. Kwa njia hiyo nyumba ilijilipia, na mtaa ukapata vyumba vingi kuliko Serikali ingeweza kujenga kwa fedha zile.

Dandora si pepo, wala hakuna asemaye hivyo. Jaa kuu la taka la Nairobi liko papo hapo, na moshi wake huingia vyumbani mwa watu. Wako pia waliouza haki zao mapema, na ghorofa nyingi za leo ni mali ya watu wasioishi huko. Hata hivyo, familia nyingi maskini zilipata pa kusimama.

Jambo hilo halikutokea kwa kiasi kile kile katika mtaa wa Umoja, ulio jirani. Huko, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, zilijengwa nyumba karibu 3,000 kwa msaada wa Marekani, zikiwa zimekamilika na za kupendeza. Zilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini haukupita muda mrefu zikawa mikononi mwa makarani, walimu na watu wenye mishahara ya uhakika. Sababu ilikuwa hesabu tupu. Nyumba nzuri iliyouzwa kwa bei nafuu ina bei nyingine sokoni, na mwenye njaa husikia ile ya pili.

Kibera nako kulionekana hayo. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa katika maghorofa ya muda yenye nyumba 600 huko Langata, familia mbili au tatu zikishirikiana jiko moja na choo kimoja. Mwaka 2016 zikakabidhiwa nyumba mpya 822 mahali pa vibanda vya zamani. Wanachama walikuwa wamejiwekea akiba katika chama cha ushirika kwa miaka mingi. Lakini wako waliopangisha vyumba vya nyumba hizo, au nyumba nzima, ili wapate fedha ya chakula.

Sasa Kenya imo katika jaribio kubwa kuliko hayo yote. Tangu mwaka 2023 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mahakama Kuu ilisema mwezi wa Novemba mwaka huo kwamba makato hayo yalikiuka katiba. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa saini mwezi wa Machi 2024. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hutoa shilingi 300 kila mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, bila ahadi kwamba atapata nyumba. Mama wa nyumbani anajua vema 3,600 ni mifuko mingapi ya unga.

Mwezi wa Mei 2025 zilikabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza huko Mukuru, mahali ambapo zaidi ya 13,000 zimekusudiwa. Malipo ya chumba kimoja yalitajwa kuwa shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa mtu aliyekuwa akilipia kibanda cha mabati, akanunua maji kwa mtungi na kulipa kila aendapo chooni, hiyo ni nafuu ya kweli, na aliyezoea kulala akihofia moto usiku hatauliza mengi. Sheria nayo inakataza kuuza nyumba hizo bila kibali cha bodi inayosimamia mfuko wake. Ni kinga nzuri, ingawa haimzuii mtu kupangisha kimyakimya.

Kilichosahauliwa ni mlango. Katika mabanda ya Mukuru mlango ulikuwa duka. Mama aliweka jiko la makaa kizingitini, akauza chapati alfajiri na samaki jioni, huku akimtazama mtoto. Akipelekwa orofa ya saba amepata choo chake na taa yake, lakini wanunuzi wamebaki chini. Kodi inamfuata kila mwezi, biashara haikumfuata. Mumewe akikosa kibarua wiki mbili tu, ataanza kumtafuta mpangaji, na yeye na watoto watarudi kwenye mabati mengine ng'ambo ya mto.

Vibanda vya soko chini ya kila jengo, vikigawiwa kwanza kwa wakazi wa jengo hilo hilo, vingegharimu kidogo kuliko ghorofa moja tupu. Na mkazi akiruhusiwa waziwazi kupangisha chumba kimoja huku akiishi humo, angefanya yale yaliyofanywa Dandora miaka hamsini iliyopita, naye angekuwa bado ndani ya nyumba wakati deni lake linapokwisha.