Kivinje: sisi tuliwahi, bahari ilikuwa bado

Tulitoka Mbagala kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu shemeji yangu, mwenye gari na mwenye haraka, alikuwa ameapa kwamba saa nne tutakuwa tunachagua samaki Kilwa Kivinje. Mananasi ya Mkuranga tukayaona dirishani. Chai ya Kibiti tukainywa tumesimama. Daraja la Mkapa, urefu wa mita 970 juu ya mto Rufiji, alilimaliza kwa kama dakika moja. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu wa Kusini walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ukifura safari ilikuwa inalala hapo. Yeye hata pembeni hakutazama.

Somanga ndiyo iliyomshinda. Vijana waliizingira gari na mabeseni ya samaki na ngisi wa kukaanga, tukala palepale, mafuta yakichuruzika hadi kwenye usukani.

Nangurukuru tukaacha barabara ya Lindi, tukashika kushoto, na saa nne kasorobo tukawa ufukweni Kivinje. Bahari haikuwepo. Mbele yetu palikuwa na tope la kijivu, mikoko pembeni, kaa wakikimbizana, na mashua zimelala ubavu kama ng'ombe mchana wa jua. Maji yenyewe yalikuwa mstari mwembamba mbali kabisa.

Chini ya mashua moja alikaa mzee akikalafati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka Dar?"

Shemeji akauliza samaki wako wapi.

"Wapo. Watakuja na maji."

"Saa ngapi?"

"Yakijaa. Leo bamvua, mwanangu. Subirini alasiri."

Shemeji alitazama saa yake. Mimi nilikaa. Mzee alisokota pamba pajani mpaka ikawa kamba nyembamba, akaichovya kwenye kopo la mafuta, akaipachika kwenye mwanya wa mbao na kuigongelea kwa tindo na nyundo ya mti. Mwanzoni mlio ni mzito, kama unagonga mto wa kulalia. Pamba ikishajaa, mlio unakuwa mkavu. Hapo husogea shubiri moja na kuanza upya. Hakuwa anatazama mkono wake hata kidogo, alikuwa anasikiliza.

Pamba, katika nchi hii ya Kilwa, si kitu cha kutajwa hivihivi. Bara ya hapa, kwenye milima ya Matumbi, ndiko watu wa Nandete walikong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, Julai 1905, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kivinje yenyewe ilikwisha kuonja mkono wa Mjerumani: Hassan bin Omari Makunganya, aliyempinga, alinyongwa hapa mwaka 1895, na mahali hapo paliitwa Mwembe Kinyonga. Hata hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga. Sijui mji mwingine ambapo mgonjwa anapelekwa kutibiwa kwa jina la namna hiyo, na wenyeji wanalitamka bila kukunja uso.

Mchana tulizunguka. Mji huu ulitajirika kwa pembe za ndovu na kwa watumwa waliotembezwa kutoka upande wa ziwa Nyasa, na nyumba za mawe zilizojengwa kwa fedha hiyo sasa zinaota mizizi ukutani. Makao ya wilaya yako Masoko, na wageni wengi hupitiliza huko kwenda kuvuka Kisiwani kuona magofu. Magofu ya Kivinje yana watu ndani, wanaanua nguo.

Saa tisa maji yakaanza kuingia, kimya, yakijaza kwanza nyayo zetu wenyewe kwenye tope. Mashua zikatikisika, zikasimama wima moja baada ya nyingine. Kisha matanga yakaonekana. Akina mama wakateremka na ndoo, dalali akapandisha sauti kabla hata samaki hawajamwagwa: changu, tasi, kibua wa mtungo.

Nikamtafuta shemeji, aliyesema lazima magharibi imkute Dar. Alikuwa amekunja suruali, maji yamemfika magotini, ameshika kamba ya mashua ya mtu asiyemjua.