Je, Wajua? Michoro ya Mapangoni Mfangano

Je, wajua kwamba Kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kina mapango yenye michoro ya kale kuliko kuwasili kwa jamii ya Wasuba (Abasuba)?

• Mashuhuri zaidi ni Mawanga na Kwitone. Mwambani utaona duara ndani ya duara na mizunguko kama gamba la konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe.

• Wataalamu huihusisha michoro hiyo na Watwa, jamii ya wawindaji. Michoro ya mtindo huo ipo pia Nyero, mashariki mwa Uganda.

• Wasuba waliyafanya mapango hayo mahali pa kuombea mvua. Heshima hiyo, na woga kidogo, vimesaidia kuilinda michoro isiharibiwe.



Ukitaka kwenda Mfangano, panda boti Mbita. Kisiwani, anzia Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Michoro itazame tu, usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae: rangi hubanduka.